Shikamoo ya Mlimani

Milima ya Kilosa haina theluji, lakini mwisho wa kipupwe baridi ya ukungu wake inakuingia mpaka kwenye mifupa. Alasiri moja mimi na mama tulipanda kwenda kufagia kaburi la baba, kwetu kwa zamani, kabla hatujahamishiwa kwa nguvu kijiji cha ujamaa kule bondeni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kurudi kulima mlimani. Tukamkuta yeye mwenyewe, jembe mkononi, anapalilia maharage uani kwetu, mengine yametambaa mpaka juu ya kaburi! Mwanamume mzima, hana hata haya!

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama hakuitikia marahaba.

"Wenye nyumba hii uliwahamishia bondeni," alimwambia. "Kawaamkie huko."