Kijiji chetu kilipewa alama mbovu kwa sababu maji yetu hatukuyauza

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Kisa hiki sikusimuliwa, nilikuwepo, na mpaka leo nikikikumbuka damu inachemka. Nakiweka kama kilivyokuwa.

Ni miaka ile soko huria limeingia, bei ya kahawa imeporomoka, na kwetu Kilema, mlimani juu ya Moshi, watu wameanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Mimi nimemaliza form six, niko nyumbani sina mbele wala nyuma.

Ikaja project. Eti wanapima ni vijiji gani vya mlimani vinajua kugeuza mazingira kuwa uchumi. Msitu, mto, chemchemi, vinaingiza nini? Kijiji kitakachoongoza kitawekewa mabomba na kujengewa banio, ule ukuta wa kukinga maji mtoni.

Tuliitaka ile project kufa na kupona. Mafuriko yalikuwa yamebomoa banio la mfongo wetu, ule mfereji wa asili unaoshusha maji toka msituni hadi vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba na kahawa.

Nikachukuliwa kuwa mkalimani, maana bibi zetu wengi ni Kichagga tu. Mtaalamu alitoka Dar. Mstaarabu, shikamoo kwa kila mzee. Shida ilikuwa maswali yake.

Akamuuliza baba yangu mdogo, Anselmi, msimamizi wa mfongo: "Mzee, msitu huu unawaingizia nini?"

"Maji."

"Mnayauza wapi?"

"Kuuza?" Baba mdogo akanigeukia mimi kama vile nimetafsiri vibaya, na hapo wote wawili wanaongea Kiswahili! "Maji yanakwenda kwenye kahawa, migomba, ng'ombe, na sisi wenyewe. Tunapeana zamu."

"Hayo ni matumizi, mzee. Mimi natafuta mapato."

Wakuu, nilichoka. Kahawa hiyo si ndiyo iliyonisomesha? Maziwa ya ng'ombe hao si ndiyo yanauzwa Moshi mjini kila asubuhi? Nikajaribu kumwelewesha. Akasema hayo yanaingia kwenye kilimo, msitu unahesabiwa peke yake.

Sasa kijiji cha jirani walikuwa wameingiza chensoo, misumeno ya mashine. Miti ya miringaringa chini, mikuyu ya kwenye chemchemi chini, malori yanateremsha mbao kwenda kuuzwa.

Wao ndio wakaongoza! Kwenye kikao Moshi wakapigiwa makofi. Sisi tukashauriwa "tuamke."

Baba mdogo akarudi nyumbani moja kwa moja. Akavua koti lake la kanisani, akachukua jembe. Wanaume wakaitwa, banio likajengwa kwa mawe na udongo kama babu zetu walivyojenga. Kina mama wakaleta mbege, pombe yetu ya ndizi. Maumivu ya mgongo sitayasahau.

Haukupita muda mrefu, kiangazi kikali kikaingia. Chemchemi ya jirani ikakauka. Mabomba mapya yapo, yanatoa upepo!

Wakaanza kuja kwetu na ndoo. Baadhi ya wazee wakataka wafukuzwe. Baba mdogo akagoma: "Hao ni shemeji zetu. Mtawaangaliaje kanisani?"

Ila mfongo mmoja hautoshi vijiji viwili. Wengine wakawa wananunua maji ya pickup yanayopandishwa toka chini.

Mtaalamu akarudi kukagua mabomba kule kwa jirani, nikaitwa tena kutafsiri. Akaiona pickup, akaona foleni ya ndoo nyuma yake, na wakuu, jamaa akafurahi! Akanivuta kwa bibi mmoja kwenye foleni: "Mwambie hii ni hatua nzuri, sasa maji yamepata soko."

Bibi akaniuliza kwa Kichagga, "Huyu mtoto anasemaje?"

Nikamtazama bibi, nikaitazama ndoo yake tupu.

"Anakupa pole," nikamwambia.

Bibi akamshika mtaalamu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru sana. Jamaa akatabasamu, akaona ujumbe umefika.

Nilichojifunza: kuna vitu ukisubiri viuzwe ndipo uvione vina thamani, ujue vimeshakuponyoka.

Wa Machame, Marangu na hata nyie wa Upareni, mifongo yenu bado ina maji? Na niambieni ukweli, mngekuwa nyie pale kwenye foleni mngetafsiri alichosema?