Siku Kaka Mlezi Alipokuja kwa Shangazi

Kabla sijaona kitu, nilisikia makofi. Macho nilikuwa nimeyafumba kwa sababu ya povu la sabuni, maji yakinimwagikia kisogoni, nami nilikuwa katikati ya sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Mimi ni kiongozi. Watu hunifuata kwa sababu najua niendako." Makofi yalitoka upande wa pili wa mlango wa bafu, mazito, moja moja, kama mtu anayepigilia msumari, na juu yake ikapanda sauti ya shangazi yangu: "Toka! Toka katika nyumba hii! Huna fungu hapa!"

Nilidhani ananifukuza mimi. Nikafunga maji, nikajizungushia taulo, nikatoka nikidondosha matone kwenye zulia.

"Si wewe, Baba," alisema, macho yamefumbwa, mikono bado iko hewani. "Huyo uliyekuwa ukiongea naye."

Shangazi huniita Baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Huniita hivyo akinipakulia chakula, na huniita hivyo akinigombeza, kwa hiyo utoto wangu wote nimekaripiwa kwa heshima kubwa.

"Nilikuwa najiongelesha tu, Shangazi."

"Ndivyo wanavyoanza."

Hakuhitaji kusema ni akina nani. Kule kwetu Kenya, miaka ile ya tisini, kila mtu aliyepata gari ghafla na kila chama chenye mikutano ya faragha walihesabiwa kuwa Frimasoni, waabudu shetani, na shangazi yangu alikuwa ameibeba hofu hiyo kutoka Kitale hadi DeSoto, kusini mwa Dallas, ikiwa imekunjwa vizuri pamoja na vitambaa vyake vya makochi. Sasa mtoto wa kaka yake, aliyekabidhiwa mkononi mwake kwenye uwanja wa ndege, alikuwa anataka kuingia katika chama cha wanafunzi wa kiume chenye jina la herufi tatu za Kigiriki, salamu ya siri, na wimbo unaoimbwa taa zikiwa zimepunguzwa. Hata mimi nikikieleza hivyo, nilikuwa nakiogopa kidogo.

Lakini nilikitaka. Chama kile kilikuwa na mpango wa kuwalea vijana wake: kila mgeni hupewa kaka mlezi, mwanafunzi wa miaka ya juu, ambaye humfundisha kwa muhula mzima jinsi ya kuvaa, kusalimia, kula mezani na watu wakubwa na kujieleza mbele ya mwajiri. Mwisho wa muhula vijana hupelekwa Houston, kwenye karamu ya wazee wa chama, na huko wazee huwagawia kazi za likizo. Mzee mmoja mwenye ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo alikuwa ameahidi kunichukua. Nilikuwa nasomea uchoraji huo. Kiangazi kilichotangulia nilikuwa nimekimaliza katika ghala moja huko Haltom City, nikipanga masanduku juu ya masanduku, na kila jioni nikiwaza kwamba ule nao ni ujenzi, ila jengo langu hupakiwa kwenye lori asubuhi likaondoka.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya Houston, kaka mlezi lazima afike nyumbani kwa kijana, aketi na mzazi wake, alisikie neno "ndiyo" likitoka kinywani mwa mzazi mwenyewe. Wazee wa chama walikuwa wamechoka kulaumiwa na akina mama. Na mzazi wangu, kwa upande huu wa bahari, alikuwa amesimama mbele yangu amepandisha mikono.

Kaka mlezi wangu alikuwa kijana mrefu wa mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Houston, aliyeweka tai ya akiba garini kama wengine wanavyoweka gurudumu. Chuo chetu kilikuwa upande wa Fort Worth, na kila Alhamisi tulikutana katika darasa tupu lililonuka chaki. Somo la kwanza lilikuwa mkono. Nilimpa wangu kwa adabu zote nilizolelewa nazo, laini, bila kubana.

"Unanisalimia," aliuliza, "au unaniachia mkono nikutunzie?"

Somo la pili lilikuwa macho. Kwetu, mtoto anayemkazia mkubwa macho huwa anatafuta kofi. Yeye alisema mwajiri asiyetazamwa machoni hudhani umeiba kitu. "Ukishindwa, mtazame katikati ya nyusi. Hatajua." Nikaenda kulifanyia zoezi nyumbani, Shangazi aliponiuliza ni nani aliyemaliza maziwa. Nikamtazama katikati ya nyusi, imara, kama nilivyofundishwa.

"Unanitolea macho? Mimi?" Aliweka sufuria chini. "Mgongo huu umekubeba! Nguo ngapi ulinichafulia, leo unanitolea macho kwa ajili ya maziwa?"

Somo gumu kuliko yote lilikuwa la kujieleza kwa nusu dakika. Nilisimama mbele ya viti vitupu, nikaanza kwa kuwasalimu waliopo, nikawaomba radhi kwa kuwachukulia muda wao, nikasema kwamba wapo wengi wanaojua kuliko mimi. Kaka mlezi akainua mkono.

"Muda wako umekwisha. Kufikia sasa najua tu kwamba unaomba radhi."

Ndiyo sababu alinipa kazi ya kujisifu kila asubuhi kwa sauti, mahali nitakapokuwa peke yangu, mpaka ulimi uzoee. Na ndiyo sababu nilikuwa nimesimama kwenye zulia nikiwa na taulo.

"Mlete," Shangazi alisema, alipomaliza kuiombea nyumba chumba baada ya chumba. "Nataka kumwona huyo anayekufundisha kujisifu bafuni. Nikimwona ndipo nitajua kama unaenda hiyo Houston au unarudi kwenye masanduku."

Tukapanga Jumamosi mchana, siku ile ile ya karamu. Akisema ndiyo, tungeondoka moja kwa moja kutoka mlangoni pake.

Ijumaa nikawa mwalimu mimi. Tuliketi ndani ya gari la kaka mlezi, joto la Texas likitupika taratibu, nami nikampa somo.

"Usimtazame machoni. Mkono wako uwe mwepesi, na huu wa kushoto ushike kiwiko cha kulia. Hiyo ni heshima. Vua viatu. Chakula usikatae. Na usijisifu kabisa."

"Nisijisifu? Sasa nitasema nini?"

"Uliza habari za nyumbani. Halafu za kazi. Halafu za afya. Halafu tena za nyumbani."

"Nyumbani mara mbili?"

"Ukiuliza mara moja ataona una haraka."

Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Alirudia maneno ya Kiswahili huku akijishika kiwiko, akasalimia usukani, akasalimia kioo cha gari. Aliniambia hatakula asubuhi ili ugali umkute na nafasi. Niliondoka pale nikiwa na moyo mwepesi kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Ambacho sikukijua ni kwamba Shangazi naye alikuwa amejiandaa. Alikuwa muuguzi, na miaka yake yote ya hospitali ilikuwa imemfundisha jinsi Mmarekani anavyotaka kupokewa. Niliporudi kutoka kununua barafu aliyonituma, nilikuta vitambaa vimetolewa kwenye makochi. Jikoni hapakuwa na ugali. Palikuwa na ndoo ya kuku wa kukaanga wa dukani, krispi na soda, na Shangazi mwenyewe amesimama mbele ya friji akiinyooshea mkono kwa mazoezi.

"Hawa hawataki watu wa kuinama inama," aliniambia. "Ukimwinamia anakudharau. Nitampokea kwa njia yake, nimsome vizuri."

Ningesema kitu, lakini kengele ililia.

Shangazi alifungua mlango kifua mbele, macho kwenye macho, mkono umenyooka kama rungu, akamwambia kwa Kiingereza cha wodini, kikubwa na chenye furaha, kwamba amefurahi mno kumwona. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye suti, anayetazama viatu vyake. Akampa Shangazi ncha za vidole, mkono wa kushoto ukashika kiwiko, na kwa bidii yake mwenyewe akaongeza kupiga goti kidogo, jambo ambalo sikumfundisha. Shangazi akabana. Hakukuwa na kitu cha kubana.

Akanigeukia, tabasamu likiwa bado liko usoni, akaniambia kwa Kiswahili: "Umeiona salamu yao? Anashika kiwiko."

"Shangazi, hiyo ni salamu yetu!"

"Yetu imefikaje kwa huyu?"

Kaka mlezi alivua viatu, akaketi ukingoni mwa kochi na soksi zake zinazofanana na tai. "Habari za nyumbani, Mama?" akasema kwa Kiswahili, akiongea na meza.

"Nzuri," Shangazi akajibu polepole.

"Habari za kazi? Habari za afya?" Akavuta pumzi. "Habari za nyumbani?"

Shangazi akanitazama. "Mbona anaiulizia nyumba yangu kila mara? Anataka kuinunua?"

Kisha akarudi kwenye Kiingereza, akaweka mguu juu ya mguu kama mkuu wa wodi, na kumwambia mgeni aeleze habari zake. Hapo nilipata matumaini. Lilikuwa somo lake lile lile! Mtu huyu angeweza kujieleza akiwa usingizini. Nilikuwa nimemsikia akijieleza hata kwa mhudumu wa kituo cha petroli. Lakini alikuwa ameapa kuwa na adabu. Akainamisha kichwa.

"Mimi si kitu, Mama. Mimi ni mtu wa kawaida tu."

"Umesikia?" Shangazi alininong'oneza, bila kunong'ona. "Nimewahudumia Wamarekani waliotoka kupasuliwa, bado na mirija puani, wakanieleza shule zao, mbwa wao, na yule waliyemwacha. Huyu hana la kusema? Anaficha nini?"

Chakula kikaja. Kaka mlezi aliitazama ndoo ya kuku kama mtu anayetazama basi likiondoka, lakini hakukataa. Alikula, akamaliza, na Shangazi, aliyelelewa kujua kwamba sahani tupu ni mgeni mwenye njaa, akamwongezea. Akamaliza. Akaongezewa. Nilikuwa nimemfundisha asikatae; kuacha kidogo kwenye sahani sikumfundisha. Nilimpa ishara kwa nyusi, naye, kwa kuwa alikatazwa kuangalia nyuso, hakuiona. Jasho lilimshuka mashavuni. Saa ya ukutani ilikuwa ikisogea, Houston ikiwa mwendo wa karibu saa nne kwa barabara kuu ya kusini, na neno "ndiyo" halikuwa hata karibu na chumba kile.

Shangazi alipoinua paja jingine kutoka kwenye ndoo, kaka mlezi aliweka mfupa chini, akainua kichwa, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema, "nikila kipande hicho nitafia kwenye kochi lako, na mamangu hataniamini nikimwambia nilikufaje."

Paja likabaki hewani.

"Kumbe unaye mama," Shangazi alisema.

"Ninaye. Na ninakuomba uniambie unaogopa nini. Kijana huyu amenifundisha adabu zako zote na naona zinanimaliza."

Shangazi alirudisha paja ndani ya ndoo. Alipozungumza, bado kwa Kiingereza, sauti ya wodini ilikuwa imekwisha. Ilibaki ile ya jikoni kwetu, ya chini.

"Kaka yangu hupiga simu Jumapili. Huniuliza, mtoto yuko wapi? Nami humwambia, yuko hapa, amekula, amelala. Sasa nitamwambia yuko Houston, kwa nani? Kwa herufi? Herufi zina nyumba? Akiugua, herufi zitamkanda?"

Nilikuwa na jibu la nusu dakika tayari, lenye kiongozi na niendako ndani yake. Sikulitoa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba alichokuwa akikitafuta Shangazi kwa makofi yale yote ni anwani tu.

Kaka mlezi aliinuka, akiwa na soksi zake, akaomba kutumia simu ya jikoni.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule huko Houston. Tulimsikia hata kabla Shangazi hajaweka simu sikioni. Mwanzoni walizungumza kwa uangalifu. Kisha Shangazi akasimama wima.

"Hata wewe hawajakuambia wanafanya nini humo ndani?" akasema. "Miaka yote hii? Na ni mwanao wa kumzaa?" Akavuta kiti. "Dada, ngoja nikae."

Na akakaa. Kupitia upande mmoja wa mazungumzo tulipata habari za chama chetu ambazo hatukuzijua: kwamba vijana huimba vibaya, kwamba kanzu zao za sherehe hufuliwa na mama zao, kwamba siri yao kubwa kabisa huenda ni jinsi wanavyolia kwenye hotuba. Kaka mlezi alifunika uso. Kisha wakaenda kwenye miguu inayovimba kwa kusimama zamu nzima, na dawa yake, na kanisa, na bei ya mboga, na hapo Shangazi akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kitale, kile cha kujipiga paja.

Tulisimama mlangoni mwa jikoni, yeye akitazama saa, mimi nikitazama mdomo wa Shangazi. Nilichukua begi langu, nikaliweka mahali atakapoliona. Nikakohoa. Hatimaye alifunika simu kwa kiganja.

"Huyu mama nyumba yake iko Sugar Land, kando tu ya Houston," alituambia, kama aliyegundua nchi. "Utalala kwake, chumba cha mkabala na chake. Jumapili utaenda kanisani naye, halafu utanipigia ukiwa kwenye simu yake. Nimemwambia ndiyo." Akamgeukia kaka mlezi, akamtazama katikati ya macho kabisa. "Na wewe nakuambia ndiyo. Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, Mama."

"Sasa mbona mmesimama? Vaa viatu, wewe. Baba, shati liingize."

Alitusindikiza mpaka pale waya wa simu ulipomruhusu, akieleza huku jinsi anavyoloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa na maneno mazuri. Aliniashiria kwa kidevu nipite. Joto la mchana likatupokea usoni, na kwa kuwa mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulikuwa ukimweleza Dada wa Sugar Land ukubwa wa beseni, Shangazi aliusukuma mlango kwa kisigino, ukafungwa nyuma yetu.