Aliyenishikia Kamba ya Farasi

Nilirudi kwenye farasi nikiwa na miaka hamsini na miwili, na mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nilikuwa nimepanda kilima hadi shamba la ng'ombe lililo juu ya kijiji cha Kashuga kuomba samadi ya maharagwe yangu. Farasi wa vilima vyetu walikuwa wameisha wakati wa vita, wengine waliibwa, wengine waliliwa, na sikujua kwamba mwenye shamba ameleta wengine watatu. Mzee anayewatunza, papa kama tunavyoita wazee kwetu, alikuwa akimtembeza jike mmoja wa kahawia. Nikasimama kutazama. Kabla sijataja samadi, nikajisikia ninaomba nipande.

Papa yule alinitambua. Alianza kazi pale akiwa kijana, enzi wazazi wangu wakikaa kwenye nyumba za wafanyakazi na mimi, mtoto wa miaka minane, nikipanda farasi miguu mitupu. Akaniambia nirudi Jumamosi na suruali.

Suruali sikuwa nayo. Nilivaa ya mume wangu, nikafunga kitenge juu yake mpaka nilipolipita kanisa. Mume mwenyewe aliuliza tu kama nitarudi kabla ya chakula.

Nilidhani mwili utakumbuka. Ulikumbuka kupanda, mengine uliyasahau, au haukuwahi kuyajua. Papa hakutaka nikimbize farasi. Alitaka dresaji, kama alivyofundishwa na mwenye shamba wa zamani: farasi aende taratibu, ageuke, asimame, apige hatua za ubavu, yote kwa ishara ndogo za mguu na kiuno ambazo mtu wa pembeni hazioni. Nilipombonyeza kwa mguu wa kushoto, jike alisimama. Nilipovuta hatamu asimame, alirudi nyuma. Kandokando ya uwanja kulikuwa na vigingi vyenye herufi: A, halafu K, halafu E, halafu H. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto kusoma. Nikamuuliza mbona hazifuatani. Akasema hajui, yeye hakusoma. Ndivyo alivyozikuta zamani na ndivyo alivyozirudisha. Akiniambia niende kwenye K, nilikuwa naitafuta baada ya J, na farasi anakula majani.

Jumamosi ya nne alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Unakaa sawa vile mama yako alikuwa anakaa."

Nilimwambia mama yangu hajawahi kupanda farasi. Aliyenifundisha ni baba. Namkumbuka kabisa, ameshika kamba ya farasi mweupe, anatembea mbele yangu kwenye ukungu.

"Baba yako alikuwa anaogopa farasi," akasema. "Yeye alikuwa anakamua ng'ombe tu. Mama yako njo alikufundishaka. Nilimuona na macho yangu."

Nilishuka. Baba amekufa zamani, sikuwa na wa kumuuliza ila mama, ambaye sasa anakaa Kashebere kwa kaka yangu. Wiki ile nilipanda pikipiki mpaka huko. Nilimkuta uani anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote, hata suruali. Hakucheka. Aliuliza farasi ana rangi gani, nikamjibu. Aliuliza kama papa yule bado ana meno.

Mwishowe nikauliza wazi: "Mama, wewe ulikuwa unapanda farasi?"

"Mimi? Hapana," akasema. Aliendelea kuchagua, kisha mikono ikatulia. "Ile mwaka tulikimbia vita mara mbili, mwanangu. Vitu vingi vilichanganyika. Labda iko baba yako. Labda iko mimi. Sijue tena."

Nilimtazama usoni nione kama ananificha kitu. Sikuona kitu. Alinipa maharagwe ya kubeba na kunisindikiza hadi barabarani, na njia nzima alizungumzia bei ya chumvi.

Jumamosi nilimrudishia papa maneno hayo. Nilitegemea ashikilie yake. Badala yake alikuna kichwa, akasema basi huenda alikuwa mama yangu mdogo, kwa sababu wale dada wawili walifanana sana. Mama mdogo huyo mimi nilimjua kidogo tu. Hakurudi tulipokimbia mara ya pili. Nikapanda farasi bila kujua namuwaza nani. Nilijaribu kumuona tena aliyeshika kamba mbele yangu, lakini safari hii ukungu ulikuwepo, farasi mweupe alikuwepo, na mtu hakuwa na uso. Nilikasirika, kisha nikachoka kukasirika. Sikumbonyeza jike, wala sikuvuta hatamu. Nadhani nilipumua tu na kuegemea kidogo.

Jike akaanza kwenda ubavu. Miguu yake ilipishana polepole, hatua moja, mbili, tano, mpaka tukafika upande wa pili wa uwanja.

Papa alikuja mbio na fimbo yake. "Umefanya nini pale?" akauliza.

"Sijui," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

"Rudia."

Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu jike alisimama tu akinisikiliza, sikio moja limegeuka nyuma. Ya nne alipiga hatua mbili. Nikampapasa shingo, iliyokuwa na jasho, na nikamwomba papa tujaribu upande wa kulia.