Mti Niliofunga kwa Waya

Mwanangu, nimesikia unataka kumfundisha farasi wako kuruka, na lile rundo la fito uliloegemeza ukutani nimeliona. Kaa kwanza nikueleze, fito zitasubiri.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Nshambya kwenda Muleba kufanya kazi kwa daktari mmoja mstaafu wa mifugo aliyefuga farasi watatu kando ya shamba lake la kahawa. Wapita njia walikuwa wakisimama kuwashangaa, maana sisi wanyama tuliowazoea ni ng'ombe. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Byabato, mtunzaji wa farasi wale, mtu wa maneno machache. Kwa miezi miwili aliniruhusu kitu kimoja tu: kumpitisha Koku, farasi jike mchanga, juu ya miti minne iliyolazwa chini. Tunapita, tunageuka, tunapita tena. Nilichoka, sikufichi. Nilitaka kuruka!

Asubuhi moja Mzee alikwenda mazishini. Nikachukua mti mwembamba wa mkaratusi, nikauweka juu ya mapipa mawili, kimo cha kifua changu. Upepo wa ziwani ukawa unauangusha kila mara, nami nikaufunga kwa waya pande zote mbili. Nikajiona fundi.

Nikampanda Koku. Alikwenda vizuri, masikio mbele, lakini alichelewa kunyanyuka. Miguu yake ya mbele ikanasa, na mti haukuachia. Akapinduka. Mimi nilirushwa pembeni, bega likateguka. Ila maumivu yangu sikuyasikia, kwa sababu nilimwona amelala, anahema, damu inamtoka chini ya goti.

Mzee aliporudi hakunifokea. Alimsafisha Koku jeraha, akanifunga mkono kwa kitenge, ndipo akaenda kuugusa ule waya.

"Kwa nini uliufunga?"

"Ulikuwa unaanguka, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Kazi yake ni kuanguka. Farasi akikosea, uanguke mti, yeye abaki amesimama. Wewe umeuzuia mti. Sasa tazama ni nani aliyeanguka."

Nililia sana. Nilidhani atanifukuza, lakini alisema tu, "Mkono ukipona, utachonga miti mipya mwenyewe."

Jeraha la Koku lilifunga. Hofu ndiyo iliyobaki. Alikuwa akiona hata mti uliolala chini anatetemeka na kurudi nyuma. Nikaanza naye upya, kwa miguu, nikimshika kamba, nikimwachia anuse. Wiki nyingi zilipita hivyo. Siku alipovuka mwenyewe, taratibu, Mzee alicheka: "Kasinge, mwanangu!" Sijawahi kupongezwa nikafurahi kama siku ile. Kabla mwaka haujaisha Koku aliruka kimo cha goti, mkia juu, na akageuka kana kwamba anaomba tena.

Kwa hiyo fito zile zipeleke jikoni. Tafuta mti ulionyooka, mnene kiasi kwamba ukiushika kwa mikono miwili vidole vinakutana kwa shida; mwembamba huteleza chini ya kwato. Menya gome, lainisha vifundo, hakikisha hauna msumari wala ufa. Bomba la chuma usiliguse kabisa. Upake rangi nyeupe na nyekundu ili auone mapema. Ukiulaza chini, uzuie kwa udongo usibingirike. Ukiuinua, uegemeze tu, uanguke akiugusa. Anza naye kwa mwendo wa kutembea, na kwa muda mrefu usipite kimo cha goti. Na uache angali anataka kuendelea. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa vijana. Kwangu lilikuwa gumu.

Mungu awalinde wewe na farasi wako. Akupe mikono isiyo na haraka, mifupa yenu ibaki mizima, na wajukuu zako wakitaka kupanda, wakukute ungali na nguvu za kuwalazia mti wa kwanza.