Mkono Ndani ya Gunia

Wazazi wetu walipofariki waliniachia wadogo watatu na depo ya ndagala, dagaa wa ziwani, pale Baraka, na vyote vilikuwa na njaa. Nikaacha shule, nikakaa nyuma ya mizani.

Mtaji ulitoka kwa mama mkubwa, dada ya marehemu mama. Alileta beseni moja la ndagala wakavu, na mama wawili wa kanisani kwake wakaleta yao. Hao ndio wenye hisa wetu. Wakitaka faida, walikuja na sahani. Wakitaka uhakika, waliingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, wakatoa ndagala wa chini, wakanusa. Ilikuwa haki ya kila aliyeweka beseni, hata kama mteja amesimama mlangoni na mwenye beseni ametoka kumenya mihogo.

Tulianza kushiba, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mdogo wangu anayenifuata alirudi kutoka Misisi akisema wachimba dhahabu wanakula ndagala kama watu waliotoka gerezani. Tufungue depo kule. Na Kilembwe. Na Mboko, ambako watu wanavua wenyewe, lakini eti Mboko iko njiani. Kabla hatujapata gunia hata moja la ziada, alikuwa ameshachongesha muhuri ulioandikwa «Directeur général», mkurugenzi mkuu akiwa yeye. Aliujaribu kwenye mikono ya wadogo zetu, wakaenda nao shule.

Depo zikawa nne, ndagala wakabaki wa depo moja. Kisha mvua ikaanza, na ndagala waliotandazwa mchangani wakagoma kukauka. Mkurugenzi akapata dawa: wabichi chini ya gunia, wakavu juu. Niligombana naye, lakini magunia ya Misisi yalikuwa yameshapanda pikipiki.

Njia ya Misisi wakati wa mvua unaijua. Magunia yalifika yakiwa yamejichemsha yenyewe, na watu wanaoshinda ndani ya mashimo wakasema yananuka. Pikipiki ileile ikarudi na habari.

Asubuhi mama mkubwa aliingia na wenzake wawili, kila mmoja na beseni tupu. Alizamisha mkono kwenye gunia la kwanza, akanusa, akaufutia kwenye shati la mkurugenzi.

“Mutoto yangu, tupatie ndagala zetu.”

Wangeondoka na mabeseni yale yakiwa yamejaa, tungebaki na mizani na muhuri, na wadogo wawili wangeacha shule kama mimi. Niliwasihi. Mdogo wangu naye akaanza kuwaeleza habari za expansion, jinsi biashara inavyopanuka.

“Hiyo expansion inanuka,” mama mkubwa akamkata. “Pika ya chini. Directeur akule wa kwanza.”

Nikapika. Huo ndio ukawa mkutano mkuu wetu wa wenye hisa. Mkurugenzi alikula na bugali, jasho likimtoka, nao wakimtazama hadi akalamba sahani. Sifa hiyo simnyimi. Kisha alikimbilia chooni, na choo chetu hakifichi kitu. Wale mama walicheka hadi wakashikana mabega.

Kicheko kilipopungua, niliwaambia kwamba Mboko na Kilembwe nimezifunga kuanzia leo. Misisi itapata tukiwa na wakavu. Na hakuna gunia litakaloshonwa mdomo kabla mmoja wao hajatia mkono.

Mama mkubwa aliligeuza beseni lake, akalikalia.

“Leta gunia ingine,” akasema, akikunja mkono wa blauzi.