Neno Nililomwambia Mama Mikese

Mama yangu alianguka kwenye mteremko wa shamba lake la kabichi, na kuanguka kule ndiko kulikotaka kumwokoa. Alishuka mjini ameshika ubavu, wakampiga picha ya kifua kutafuta mfupa uliovunjika. Mifupa ilikuwa mizima. Walichokiona ni doa dogo kwenye pafu la kulia, na baada ya vipimo vya Dar es Salaam tukaambiwa ni saratani. Mama hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Alipikia kuni tu, miaka yote, kwenye jiko lisilo na dirisha.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yangu. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia mimi, maana masikio ya mama yalikuwa mazito na alikuwa amezoea kuniachia mimi mambo ya ofisini. Akasema ni hatua ya kwanza, bado haijatoka pale ilipo, tumebahatika. Nikamwambia daktari kwamba mama amepita sabini. Akasema umri si hoja, hoja ni moyo na pumzi. Walimpulizisha kwenye mashine, kisha wakampandisha ngazi za ghorofa. Mama, aliyezeeka akibeba matenga ya karoti milimani, alifika juu akauliza kama hizo ndizo ngazi zote. Hata muuguzi alicheka.

Daktari akachora pafu kwenye karatasi. Pafu la kulia lina sehemu tatu; njia ya kwanza ni kutoa sehemu nzima yenye doa. Ya pili ni kukata kipande kidogo tu, kwa mzee ambaye pumzi zake ni za kubania, ila hapo ugonjwa unaweza kurudi. Na asiyeweza kisu kabisa hupigwa mionzi. Kwa mama alipendelea ile ya kwanza, kwa matundu madogo ubavuni badala ya kupanua kifua. Alinieleza na hatari zake: nimonia, hewa kuvuja, siku kadhaa za kulala na mpira ubavuni. Mimi ni fundi cherehani, nashona mjini, pale Mwembesongo, na habari ya kukata naielewa. Nilielewa kila kitu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilielewa.

Tukapewa tarehe, wiki tatu mbele. Tukiwa njiani kurudi, basi likasimama Mikese na watu wakashuka kunyoosha miguu. Mama alinunua chungwa dirishani. Akalishika bila kulimenya, akaniuliza:

"Mwanangu, hicho kitu kimeiva?"

Nilidhani anauliza kama anakufa. Nikataka kumtoa hofu, na mimi nina tabia mbaya ya kumaliza maneno haraka mtu akiwa na huzuni.

"Hapana, mama. Bado kichanga kabisa."

Uso wake ukafunguka. Akamshukuru Mungu, akamenya chungwa lake, akanipa nusu. Akasema atakwenda wakati wake ukifika. Mimi nikasikia tarehe ya hospitali.

Siku ya kusafiri nilimngoja stendi mpaka basi likaondoka. Nikapanda mlimani nikiwa na hasira, nikamkuta anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso huo?"

"Leo ilikuwa siku ya kwenda Dar."

"Hakijaiva," akasema, akaendelea na jembe. "Hakiumi, hakina joto, nalala vizuri. Jipu bichi unalikataje? Si litakimbilia ndani lisambae mwili mzima?"

Nikasimama pale kwenye matuta kama mjinga. Sisi wa milimani tumelelewa hivyo: jipu likianza, unalibandika majani, unangoja lilainike na kutoa jicho, ndipo mtu analikamua. Anayeligusa kabla anaonekana hana akili. Mama mwenyewe aliwahi kunizaba kofi kwa kosa hilo. Na mimi, niliyekulia humo humo, nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba ni kichanga.

Nikamwambia hili si jipu, hili hukatwa likiwa changa, likiiva basi tena. Nilipaza sauti kwa sababu ya masikio yake, na kwa sababu nyingine pia.

"Siku ile ulisema ni kichanga ukifurahi," akasema. "Leo unasema kichanga ukilia. Ulinidanganya lini?"

Ukweli ni kwamba sikumdanganya siku zote mbili, lakini jaribu kumweleza hivyo mama yako.

Nikaenda kwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye jambo zito la dada yake kaka ndiye mwenye kauli. Mjomba akanisikiliza vizuri, akataka neno lenyewe alilotumia daktari. Nikamwambia: hatua ya kwanza.

"Hatua ya kwanza mtu ndiyo kwanza anavuka kizingiti," akasema. "Muacheni dada yangu avune."

Daktari alinipigia simu mara mbili. Alisema kama anaogopa kisu, aje tuzungumze mionzi, ila aje. Nikapanda tena, tukagombana tena na mama, akaniambia nashonea watu nguo nataka na yeye nimshone. Nikasusa. Niseme wazi: nilisusa. Masika yote nilikaa Mwembesongo nikikanyaga cherehani, nikijiambia mtu mzima ameamua, wakati nilijua vizuri kwamba alichoamua ni neno langu. Ningeweza kupanda kila Jumapili. Ningeweza kumleta daktari kwenye simu akaongea na mjomba. Sikufanya.

Kiangazi kilipoanza alishuka mwenyewe. Nilifungua duka nikamkuta kwenye benchi, amefunga kanga mbili, mkoba miguuni, amekonda shingo. Alikuwa anakohoa, na kwenye kitambaa chake kulikuwa na damu. Lakini alikuwa na furaha.

"Sasa kimeiva," akasema. "Kinauma usiku na mchana. Nipeleke kwa yule binti akitoe."

Nikampeleka. Nilijua, na nilimpeleka. Picha mpya daktari aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanieleza polepole kwamba ugonjwa umefika kwenye ini na mifupa, kisu hakina kazi tena, zimebaki dawa za kutuliza maumivu. Mama alikuwa anatutazama midomo, amekaa tayari, viatu ameshavivua.

"Amesemaje?"

Safari hii nilitafuta neno kwa uangalifu. Nikamwinamia kwenye sikio lake lenye nafuu, nikamwambia, "Tumechelewa, mama."

Akatazama saa ya ukutani, akaanza kuvaa viatu vyake.

"Basi usilie," akasema. "Kesho tutarauka."