Nafasi ya Baba Pangoni

Kwetu Mbololo, milimani karibu na Voi, zamani mtu alizikwa, na mwaka ukishapita wazee walifukua kaburi, wakatoa kichwa na kukipeleka pangoni kikae na vichwa vya baba zake. Vijana wa leo wakisikia hayo wanakunja uso. Wakunje. Hatukuwa tunachezea maiti. Tulikuwa tunamrudisha mtu kwao.

Baba alikuwa mtu wa njia ya Taveta. Alipeleka tumbaku na maharagwe, akarudi na ndizi na magadi, na sisi watoto tulimjua kwa harufu ya zile ndizi kabla hajafika mlangoni. Vita vya wazungu vilipokuja, Wajerumani walikaa Taveta na njia ikafungwa. Waingereza wakajaza askari Voi, wakatandika reli kuelekea kule kule baba alikokuwa akienda kwa miguu, kisha wakataka watu wa kubeba mizigo. Mzee wa kijiji alimtaja baba wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia. Biashara yake ndiyo iliyomponza. Aliondoka na kata ya majani ya mgomba kichwani, ya kuwekea mzigo, akamwambia mama tusile mbegu. Tulizila. Njaa ilikuwa kali.

Vita vilipokwisha walirudi wachache, mifupa mitupu. Mmoja alikuwa jirani yetu, aliyebeba mizigo pamoja na baba. Nyanya, mama yake baba, alimkalisha akampa uji. Hakumuuliza kama mwanawe yuko hai, hilo alishalijua. Alimuuliza amezikwa wapi. Yule bwana alitazama uji wake muda, akasema walimzika vizuri, chini ya mti mkubwa karibu na mto, huko ng'ambo ya Taveta, nchi iliyokuwa ya Wajerumani.

Mama alilia. Nyanya hakulia. Aliuliza tu kama mwaka umepita, akaambiwa umepita. Basi akaanza kukata miwa ya pombe. Akamwita baba mdogo, akampa habari ampelekee jirani: wajiandae, wataenda wote wawili kuleta kichwa. Reli itawafikisha Taveta, mbele ya hapo watatembea.

Jirani hakutokea. Pombe ikaiva. Nyanya akaniambia nibebe kibuyu, tukaenda kwake. Tulimkuta anapalilia.

"Mwanangu, huo mti ni mti gani?" nyanya alimuuliza. "Kama miguu yako haiwezi, nielekeze nimwambie mdogo wake."

Aliweka jembe chini.

"Mama, hakuna mti."

Ndipo akasema yote, bila kututazama. Walikuwa wanahara damu, watu wanaanguka mvuani, na msafara hausimami. Baba alianguka kando ya mto. Hakuna aliyemchimbia. Mzigo wake alitwikwa yeye jirani, juu ya wake, akasukumwa mbele. Walipopita tena pale, mto ulikuwa umefurika na hapakuwa na kitu. Alisema aliona vibaya kumwambia mama mtu maneno kama hayo.



"Ungeniambia kabla sijakata miwa," nyanya akasema. Kisha akanigeukia. "Mpe kibuyu. Yeye ndiye aliyemwona mwisho."

Ilikuwa pombe ya kumpokea baba. Yule bwana aliinywa amesimama, machozi yakiingia humo humo.

Baadaye ndizi za Taveta zilianza kufika Voi kwa gari moshi, zikauzwa pale stesheni. Mama hakuzinunua hata siku moja. Na babu mdogo, nduguye babu, alipokufa na mwaka wake ukapita, wazee walitaka kichwa chake wakiweke ubavuni mwa babu, mahali palipokuwa pa baba. Nyanya aliwaambia wamtafutie kwingine. Wakamtafutia.

Sisi wengine tulibatizwa, na nyanya mwenyewe alizikwa kwenye makaburi ya kanisa. Hakufukuliwa. Pangoni hakuna anayepeleka mtu tena. Ile nafasi iko vile vile, upana wa kichwa kimoja.